Je, ni lazima timu nzima ya pangoni itumie chapa moja?

Msomaji ananiandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Nilijifunzia kuzamia Diani nikawa natembeza watalii kwenye miamba kabla ya kuhamia Florida. Nimemaliza kozi ya mapango, na timu moja ya mji wa High Springs iko tayari kunipokea. Kiongozi wao amenipa orodha: bamba la mgongoni na bawa (mfuko wa hewa wa kuelea) la Halcyon, regyuleta (vifaa vya kupumulia) za Scubapro, kompyuta ya Shearwater, mapezi ya Jet Fin, mitungi pacha ya lita 16. Mimi nina regyuleta za Poseidon Jetstream, kompyuta ya Garmin Descent, bamba lisilo na jina, na mitungi pacha ya lita 12. Nikiuza vyote nitapata hasara kubwa. Je, haya ni masharti ya usalama au ni mapenzi ya majina tu?"

Marahaba. Nianze na lile unalolisubiri: regyuleta badilisha, mitungi usinunue bali kodi, kompyuta baki nayo, na bamba lako litetee kwa adabu. Kwenye orodha hiyo moja, mambo ya usalama na mambo ya mazoea yamechanganywa, na asiyezoea hawezi kuyatenganisha kwa kusoma majina.

Mimi huyatenganisha kwa swali moja. Nikishika kifaa chochote najiuliza: zaidi ya mimi, ni mkono wa nani utakaokigusa, na utakigusa wakati gani? Kama jibu ni "hakuna", basi chapa ni shauri lako na mfuko wako. Kama jibu ni "mwenzangu, gizani, hewa imemwishia", basi hapo si shauri lako tena. Kifaa hicho ni cha timu, hata kama risiti ina jina lako.

Ukijua mazoea haya yalitoka wapi hutamchukia kiongozi wako. Kaskazini mwa Florida, upande wa Tallahassee, kuna mradi wa wazamiaji uitwao Woodville Karst Plain Project, WKPP kwa kifupi, ambao umechunguza mapango ya Wakulla na Leon Sinks kwa miongo kadhaa. Mmoja wa waanzilishi wake, Parker Turner, alifariki mwaka 1991 katika pango la Indian Springs, mchanga ulipoporomoka na kuziba njia yao ya kutokea. Kabla ya hapo alikuwapo William Hogarth Main, aliyekuwa akipunguza vifaa mwilini mpaka vibaki vile tu vyenye kazi. Miaka ya 1990 George Irvine na Jarrod Jablonski waliichukua njia hiyo wakaifanya sharti la timu nzima, ndiyo leo inajulikana kwa herufi DIR, yaani Doing It Right. Mwaka 1998 Jablonski akaanzisha shirika la mafunzo la GUE (Global Underwater Explorers), na ni yeye huyo aliyekuja kuiongoza kampuni ya Halcyon. Shirika na kampuni vyote makao yake ni huko huko High Springs. Sasa unaona kwa nini jina la Halcyon liko juu ya orodha yako: walioandika mtindo ndio waliotengeneza vifaa vya mtindo. Vifaa vyao ni vizuri kweli. Lakini mtindo ulianza kabla ya kampuni, na unaweza kuutimiza bila kununua kwao.

Kazi waliyoifanya inastahili heshima. Desemba 2007 Jablonski na Casey McKinlay waliingilia Turner Sink wakatokea Wakulla Spring, mwendo wa karibu kilomita 11 chini ya ardhi, kwenye kina cha mita 90 hivi. Safari ya namna hiyo hubebwa na kundi kubwa la wasaidizi wanaotega mitungi njiani na kuja kuwapokea wenzao wakati wa kupanda. Kila msaidizi lazima aweze kumkaribia yeyote kati yao na kujua, bila kuuliza, kila kitu kiko wapi.

Tuje kwenye vifaa vyenyewe, na nianze na mpira mrefu, yaani bomba la kupitishia hewa, kwa sababu ndio roho ya mtindo mzima.

Ule mpira wa mita 2.1 hutoka kwenye vali ya kulia, hushuka nyuma ya bawa, hupita chini ya betri ya tochi kiunoni, hukatiza kifua kwenda bega la kushoto, huzunguka nyuma ya shingo na kuingia mdomoni kutoka kulia. Kipumulio (sehemu ya regyuleta inayoingia mdomoni) cha akiba kina mpira mfupi kutoka vali ya kushoto, kinaning'inia chini ya kidevu kwa uzi wa mpira. Mwenzako akiishiwa, unachomoa kile kilicho mdomoni mwako na kumnyooshea, kisha unainamisha kidevu na kuchukua cha akiba. Anapewa kile cha mdomoni kwa sababu ndicho tunachojua hakika kwamba kinafanya kazi na kwamba gesi yake inafaa kwa kina hicho. Tena mtu aliyekosa hewa haombi, hunyakua, na atanyakua kile anachokiona kikitoa mapovu. Urefu wa mita 2.1 ni kwa sababu penye njia nyembamba mtatoka mmoja nyuma ya mwingine.

Angalia na vali zenyewe. Ukisugua dari ya pango huku unasonga mbele, kitasa cha vali ya kushoto huzunguka kuelekea kufunga, na cha kulia kuelekea kufungua. Ndiyo maana kipumulio unachotumia na mpira wa kujazia bawa viko kulia, na upande wa kushoto umewekwa akiba, geji na suti kavu. Kushoto kukijifunga, bado unapumua, bado unaelea, na bado una mpira wa kumpa mwenzako. Sasa chukua mtu mmoja katika timu ambaye amegeuza, mpira mrefu uko kushoto, kwa sababu huko alikosoma walifanya hivyo. Mapovu yanatoka nyuma ya kichwa chake, mwenzake anasogea kumsaidia kufunga vali inayovuja, na kila alichokizoea kiko kinyume. Hapo hakuna chapa inayookoa mtu. Urefu wa mipira, njia inakopita na vali inakotoka, hayo yafuate kama timu ilivyoandika, hata kama njia yako ya zamani haijawahi kukuangusha.

Kuhusu Jetstream zako, najua zinapumulika vizuri mno, na wenye nazo huwa hawataki kusikia kitu kingine. Sikushauri uziache kwa sababu ni mbaya. Regyuleta nyingi, zikiwemo Scubapro na Apeks, zina kipumulio ambacho presha ikipanda kupita kiasi vali yake husukumwa ikafunguka, hewa ikatoka yenyewe. Jetstream imejengwa kinyume: presha ikizidi, vali ya kipumulio inabanwa zaidi, kwa hiyo lazima pawepo vali nyingine ya usalama ya kuitoa presha hiyo. Kwenye seti kamili ya Poseidon hilo limeshughulikiwa. Hatari huanza timu inapochanganya. Fikiria asubuhi ya Jumamosi pale maegeshoni Ginnie Springs, chemchemi ya wazamiaji wa mapango: kipumulio cha mwenzako kimeanza kuvuja, mtu anafungua sanduku la vipuri, anachukua kipumulio chako cha akiba na kukifunga kwenye kichwa cha Scubapro, sehemu ya regyuleta inayokaa kwenye vali ya mtungi. Skrubu zimeingia sawasawa, kila mtu ameridhika, na vali ya usalama haipo. Presha ikipanda mpira unaweza kupasuka. Presha ya kati nayo, ile ya ndani ya mpira kutoka kichwani hadi kwenye kipumulio, kwa Jetstream haifanani na ya wengine, hivyo hata kama haukupasuka hakitapumua inavyotakiwa.

Hapa basi chapa, au niseme familia ya chapa, ina sababu ya kweli. Timu inayobeba sanduku moja la vipuri, viti vya vali vya aina moja, oringi za saizi zinazojulikana na fundi mmoja anayejua kufungua vichwa vyao, ina haki ya kukuambia uingie kwenye familia hiyo. Lakini muulize kiongozi: je, Apeks itakubalika? Ubunifu wa ndani unatofautiana, Apeks nyingi ni za kiwambo na Scubapro MK25 ni ya pistoni, ila kwa mwenzako anayepokea kipumulio tabia ni ile ile. Akisema hapana kwa sababu ya vipuri, nunua Scubapro, za mitumba zilizofanyiwa matengenezo zipo na si lazima ziwe mpya. Chochote utakachonunua kiwe cha DIN, cha kuskrubu ndani ya vali. Kile kibanio ulichozoea kwenye mitungi ya hoteli za Diani hakifai kugongwa na dari ya mwamba.

Mitungi ndiyo watu hawaijali, na kwangu ndiyo yenye hatari iliyojificha zaidi. Mnaambiwa kanuni ya theluthi: theluthi moja kuingilia, theluthi moja kutokea, theluthi moja akiba ya mwenzako. Wengi huihesabu kwa bar, kipimo cha presha, kwenye geji na kuridhika. Tufanye hesabu ya timu yako. Wewe una pacha ya lita 12, jumla lita 24. Kwa bar 210 una lita 5,040 za gesi, na theluthi yako ni lita 1,680, yaani bar 70. Mwenzako ana pacha ya 16, jumla lita 32. Kwa bar 210 ana lita 6,720, na theluthi yake ni lita 2,240, ambayo nayo kwenye geji inasomeka bar 70. Tuseme yeye anapumua kwa wingi kuliko wewe. Mnafika mahali wote mmetumia bar 70, mnaonyeshana vidole, mnageuka. Dakika hiyo hiyo yeye anapoteza gesi yake yote. Kuingia kumemtumia lita 2,240, na kutoka atahitaji angalau kiasi hicho. Akiba uliyomwekea ni lita 1,680. Zimepungua lita 560, na geji zote mbili zilikuwa zinasema mko sawa.

Dawa ni mwenye mitungi mikubwa kupunguza theluthi yake ilingane kwa lita na ya mwenye midogo: 1,680 gawanya kwa 32 ni bar 52.5, basi ageuke akiwa ametumia bar 50. Inafanya kazi, ila kila mbizi mtafanya hesabu hiyo upya, na wao wanne watakatisha safari kwa sababu yako mmoja. Ndiyo maana wanataka 16, na sioni kosa lao. Usinunue. Eneo hilo la mapango lina maduka yanayokodisha pacha kwa siku. Kodi msimu mzima, ujue mgongo wako unasemaje kuhusu uzito huo, halafu uamue. Zile 12 zako utazifurahia kwenye mbizi nyingine.

Kuna jambo orodha yako haikulitaja kabisa, na kwa mtu aliyetoka pwani yetu ningeliweka la kwanza: vipimo. Wewe umezoea mita na bar. Florida wanatumia futi, na psi kwa presha. Mtungi wa kupandia, ule wa gesi ya kupumua njiani kurudi juu, huandikwa namba kubwa ubavuni, kina cha mwisho ambacho gesi hiyo inaruhusiwa, ili mwenzako aisome kabla hujaweka kipumulio chake mdomoni. Oksijeni tupu mwisho wake ni mita 6. Kwa futi hiyo ni 20, na pale utakuta mtungi umeandikwa 20, bila neno lingine. Jicho lililozoea mita likisoma 20 baada ya mbizi ndefu na akili imechoka, linaona mita 20. Kwenye mita 6 msukumo wa oksijeni ni bar 1.6, ambao ndio ukomo wakati wa kupanda. Kwenye mita 20 ni 3.0, na mtu anaweza kupata degedege na kipumulio kikamtoka mdomoni. Mchanganyiko wa oksijeni asilimia 50 nao mwisho wake ni mita 21, futi 70. Kwa hiyo hamia kwenye vipimo vya timu kabisa: lebo, geji, kompyuta na mazungumzo. Geji ya bar katikati ya wanne wenye psi haifai hata ukijua kichwani kwamba psi 3,000 ni bar 207 hivi, kwa sababu mwenzako ndiye atakayeigeuza na kuisoma siku ambayo wewe huwezi.

Kompyuta ni rahisi zaidi. Shearwater inapendwa kwa sababu inasomeka vizuri, vitufe vyake havimchanganyi mtu, na timu nyingi za kiufundi zimeizoea. Garmin Descent yako nayo inakokotoa vituo vya kusimama wakati wa kupanda kwa modeli ile ile ya Bühlmann ZHL-16C yenye vigezo vya gradienti, yaani namba mbili za kuchagua kiasi cha tahadhari. Kinachotakiwa ni muwe na namba zinazofanana: vigezo viwili vya gradienti vile vile, gesi zile zile, kituo cha mwisho kwenye kina kile kile. Kaa na mmoja wao mezani, fungueni ukurasa wa kupanga mbizi kwenye kompyuta zote mbili, ingizeni kina na dakika zinazofanana, mlinganishe vituo kimoja kimoja. Tofauti ya dakika moja huku na huko si neno. Ungekuwa na kompyuta ya zamani ya modeli nyingine, isiyokubali vigezo hivyo, ningekuambia iuze, maana mngefika kwenye kamba ya kupandia mmoja anaambiwa apande na mwingine anaambiwa abaki.

Tochi hukuitaja. Moja kubwa, ya kushikwa mkono wa kushoto kwa kishikio cha mgongo wa kiganja, na mbili ndogo za akiba kwenye mikanda ya kifuani, hiyo ni kawaida na sidhani kama unabishana nayo. Ninachokuomba ni mwanga mwembamba uliokolea. Tochi pia ndiyo sauti yako: duara la taratibu ukutani ni "niko salama", na mwanga unaokwenda huku na huko kwa haraka ni "nahitaji msaada sasa hivi". Tochi ya video inayomwaga mwanga kila upande haiwezi kutamka lolote kati ya hayo, iwe ya bei gani. Kama betri yako na kichwa cha tochi vinaunganishwa kwa kiunganishi cha E/O, hata bora, kwa kuwa watengenezaji kadhaa wanakitumia na mnaweza kubadilishana vichwa na betri kambini bila kujali nembo.

Bawa na bamba: bamba lolote la chuma, mkanda mmoja usiokatwa, pete za D mahali pale pale walipoweka wao, mkanda wa katikati ya miguu, bawa lenye mfuko mmoja wa hewa. Mapezi yawe mazito na magumu, yenye springi badala ya mikanda ya plastiki. Jet Fin ni ya miaka ya 1960 na bado haijapitwa, ila wanaoiga umbo lake ni wengi. Mwenzako hatayagusa mapezi yako, isipokuwa kama utayatumia kumtimulia matope. Kulabu zote ziwe zimefungwa kwa uzi, kamwe chuma kisifungwe moja kwa moja kwenye chuma, ili kikikwama pawepo kitu cha kukata kwa kisu. Suti kavu hakikisha mdomo wa kujazia unapokea mpira wa wenzako: baadhi ya suti za Ulaya ya kaskazini zina kiunganishi cha CEJN ambacho hakiingiliani na kile cha kawaida cha Marekani. Kuubadilisha mdomo huo ni kazi ndogo ya fundi.

Utakutana na watu watakaokuambia kwamba yote haya ni mambo ya Florida, na kwamba Waingereza huzama kila mtu na vifaa vyake alivyojitengenezea, mitungi ubavuni, kila mmoja akijitegemea. Ni kweli, na mapango yao ndiyo yaliyowafundisha hivyo: mifereji myembamba, maji ya matope, mahali ambapo mwenzako hawezi hata kukufikia. Rick Stanton na John Volanthen, waliowakuta wale vijana 12 na kocha wao waliokwama ndani ya pango la Tham Luang, Thailand, Julai 2018, wametoka kwenye utamaduni huo. Lakini tazama walichofanya ilipofika kuwatoa. Vijana walifungwa mtungi mbele ya kifua, wakawekewa kishikio mgongoni, wakavalishwa barakoa ya uso mzima yenye kusukuma hewa ndani. Vile ambavyo mzamiaji angevishika huku amembeba mtoto asiyejitambua vilikuwa mahali pamoja kwa kila mtoto. Vifaa vyao wazamiaji wenyewe, kila mmoja alibaki navyo.

Sasa namna ya kumwendea kiongozi wako. Usimwendee na bei. Nenda umekwisha kubadilisha mipira, regyuleta na vipimo, halafu mwambie: naomba mnikague. Mkiwa kwenye maji ya wazi pale juu ya pango, mwenzako afumbe macho, aje na mkono wake mmoja kutoka begani kwako. Atafute kipumulio cha akiba, afuate mpira mrefu mpaka kwenye vali, afunge na kufungua ya kulia, atoe tochi ya akiba na kuiwasha, ashike geji. Kisha mgeuze zamu. Kila mahali mkono wake utakaposita, hapo pana kazi ya kufanya, na inaweza kuwa ni suala la kusogeza pete ya D upana wa vidole viwili tu. Asiposita popote, muulize kwa upole bamba la Halcyon lingeongeza nini. Kiongozi mzuri ama atakupa sababu ambayo mimi sijaifikiria, na hapo msikilize, ama atalifuta kwenye orodha. Akikataa bila sababu, ni haki yake, timu ni yake. Lakini utakuwa umejua namna anavyofikia maamuzi, na utajua kama unataka kumfuata umbali wa kilomita moja chini ya mwamba.

Na hizo Jetstream, unapoziuza usizigawe. Mtu atakuja anataka kipumulio kimoja tu kwa bei nzuri ili akifunge kwenye kichwa alichonacho nyumbani. Mwulize kichwa hicho ni cha nini, na kama si cha Poseidon chenye vali yake ya usalama, usimpe.